Dawa ya Nani? Uhakiki wa Vitanza Ndimi katika Madarasa ya Arua na Koboko

Utangulizi

Ni walimu wachache wa Kiswahili ambao hawajawahi kutumia kitanza ndimi darasani. Kipindi kinapolegea baada ya chakula cha mchana, na wanafunzi wakaanza kusinzia, mwalimu huandika ubaoni sentensi moja yenye sauti zinazogongana. Huisoma yeye kwanza, kisha huwataka wanafunzi waisome upesi upesi. Darasa huamka, watu hucheka, kengele hulia. Swali la makala haya ni hili: baada ya kicheko hicho, je, kuna mwanafunzi yeyote ambaye matamshi yake yamebadilika?

Nauliza hivyo kwa sababu vipindi vyetu si vingi na kazi iliyo mbele yetu ni kubwa. Marekebisho ya katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ulikifanya somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Maamuzi hayo yaliwahusu pia watoto wa West Nile, ambao nyumbani huzungumza Kilugbara, Kikakwa, Kialur, Kimadi au Kinubi. Mwalimu anayewafundisha watoto hao hana dakika za kupoteza.

Hoja yangu ni fupi. Vitanza ndimi tunavyovitumia ni vizuri kama fani, lakini vingi tumevichukua kama mtu anayekunywa dawa iliyoandikwa jina la mgonjwa mwingine. Dawa yenyewe si mbaya. Ugonjwa ndio si wake.

Fani yenyewe

Kitanza ndimi ni kipera cha fasihi simulizi. Kwa kawaida huwekwa katika kundi la semi, pamoja na methali, vitendawili na misimu. Sifa zake tunazijua: ni kifupi, hurudiarudia sauti zinazokaribiana, hujaa vitate na vitawe, na husemwa kwa kasi. Lengo lake la asili ni mchezo. Watoto wa pwani au wa bara walioizaliwa lugha hushindana nacho barazani, na anayejikwaa huchekwa, kisha naye humcheka mwenzake.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vyetu hulipita haraka mno. Mchezo huo uliumbwa kwa ajili ya mzawa. Raha ya mzawa ni kujikwaa mahali ambapo kwa kawaida hajikwai. Anajua kusema "wali", anajua kusema "wari", na ulimi wake unapozichanganya kwa sababu ya kasi, yeye mwenyewe hujisikia na kujicheka. Mwanafunzi wa lugha ya pili hayumo katika hali hiyo. Yeye hujikwaa hata bila kasi, na pengine hajui kwamba amejikwaa, kwa kuwa sikio lake bado halijazitenga sauti hizo mbili. Kwa hiyo fani ile ile ikitoka barazani na kuingia darasani, kazi yake imebadilika. Kilichokuwa kipimo cha ustadi sasa kinatakiwa kiwe chombo cha kufundishia, na kipimo na chombo si kitu kimoja. Mizani humwonyesha mkulima uzito wa mahindi yake, lakini haimpalilii shamba.

Wenzetu wanaofundisha Kihispania hutupatia mfano mzuri. Kitanza ndimi kwa Kihispania huitwa "trabalenguas", yaani kinachofunga ndimi. Vingi vinavyotumiwa kuwafundisha wageni vinahusu "r" ya kugusa mara moja na "rr" ya kutetemesha ulimi. Sababu iko wazi: "pero" ni lakini, na "perro" ni mbwa. Asiyetetemesha ulimi hubadilisha maana. Tena Mwingereza au Mmarekani anayejifunza Kihispania kweli hana mtetemo huo katika lugha yake. Zoezi hapo limekidhi masharti mawili: sauti inabeba maana, na sauti ndiyo tatizo la mwanafunzi huyo. Hivyo ndivyo vipimo viwili nitakavyovitumia kuhakiki vitanza ndimi vyetu.

Wali wa liwali ni tatizo la nani?

Kitanza ndimi mashuhuri kuliko vyote katika Kiswahili ni kile cha wali wa liwali, ambacho kila mwalimu anakijua kwa sura zake mbalimbali. Kwa kipimo cha kwanza, kinafaulu. "L" na "r" hubeba maana katika Kiswahili: "mahali" si "mahari", "kula" si "kura". Tena kimefumwa kwa ustadi, maana maneno yake yote ni ya kawaida pwani, na picha ya wali wa mkubwa unaoliwa na wengine ina utani ndani yake.

Kwa kipimo cha pili, inategemea umesimama wapi. Kikikuyu kina "r" lakini hakina "l". Katika Kiganda, "l" na "r" hugawana mahali pa kutokea: "r" huja baada ya "e" na "i", na "l" hutumika kwingineko, kwa hiyo mzawa wa Kiganda hana desturi ya kuzitumia kutofautisha maana. Mwalimu wa Nyeri au wa Masaka akitumia wali wa liwali, ametibu ugonjwa uliopo. Lakini Kilugbara kina "l" na kina "r". Sikiliza majina ya mahali tu: Logiri, Oluko, Terego, Maracha. Kikakwa nacho kinazo zote mbili. Mtoto wa Arua au wa Koboko anapokitamka kitanza ndimi hiki polepole, mara nyingi hukitamka sawasawa. Anaposhindwa kwa kasi, ameshindwa kama atakavyoshindwa mtu wa Mombasa. Zoezi halijamfundisha kitu.

Zaidi ya hayo, neno "liwali" lenyewe halimwambii lolote. Liwali alikuwa kiongozi wa pwani, tangu enzi ya Sultani wa Zanzibar hadi enzi ya ukoloni. Mtoto wa Kilugbara anamfahamu agofe, liwali hamfahamu. Anatakiwa akimbie na neno asilolijua, katika sentensi asiyoielewa, ili arekebishe kosa asilolifanya.

Tuseme haki: katika mji kama Arua, ambao ni jiji tangu Julai 2020, darasa huweza kuwa na watoto wa Kiganda au wa kwingineko ambao "l" na "r" huwasumbua. Kwao zoezi linafaa. Ninachokikataa ni desturi ya kulitoa kwa wote, bila ya kusikiliza kwanza.

Sikio la mwanafunzi wa West Nile

Basi tatizo la kweli liko wapi? Nitaje manne.

La kwanza ni vikwamizi "th", "dh" na "gh". Kilugbara hakina sauti hizi, na Kikakwa hakina. Mwanafunzi huelekea kuziweka karibu na sauti alizonazo: "thamani" ikawa "samani", "dhana" ikawa "zana", "ghali" ikawa "gali". Mwenye Kinubi huweza kwenda njia nyingine. Kinubi ni lugha iliyozaliwa na Kiarabu cha Sudan, na sauti hizo zilikwisha dondoka humo. Tatu kwa Kinubi ni "talata", ilhali Kiswahili, kwa mzizi ule ule wa Kiarabu, kina "thelathini". Kwa hiyo katika dawati moja, mmoja anaweza kuteleza kuelekea "s" na jirani yake kuelekea "t". Kitanza ndimi kimoja hakiwezi kuwatibu wote wawili kwa namna moja.

Kuna watakaosema kwamba mamilioni ya wasemaji wa bara, kutoka Tanzania hadi Kongo, husema "s" na "z" mahali pa "th" na "dh" na wanaelewana. Ni kweli, na ndiyo maana sipendi mtoto aadhibiwe kwa "zambi" badala ya "dhambi". Lakini pale ambapo maneno mawili yanagongana, kama "thamani" na "samani", au "dhana" na "zana", mwalimu ana wajibu. Mwanafunzi asiyezitenga kwa sikio hatazitenga kwa kalamu.

La pili ni "m" inayosimama peke yake kama silabi. Katika "mtoto" kuna silabi tatu: m-to-to. Mtu wa Arua husikia Kiswahili cha Kongo kila siku ya gulio, kwa kuwa Aru na Ariwara ziko ng'ambo tu ya mpaka, na Kiswahili cha huko husema "mutoto" na "mutu". Kwa upande mwingine, Kilugbara kina nazali inayoungana na konsonanti inayofuata. Mtoto kwa Kilugbara ni "mva", silabi moja tu. Kiswahili kina aina zote mbili. "Mvua" inayonyesha huanza kwa sauti iliyoungana kama ile ya "mva", lakini "mvuvi" ni m-vu-vi. Ndivyo ilivyo kwa "mbuni" yule ndege, mwenye silabi mbili, na "mbuni" aliyebuni jambo, mwenye silabi tatu. Hapa ndipo penye kazi, na vitabu vyetu hupagusa mara chache.

La tatu ni mkazo. Kilugbara ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti hubadilisha maana ya neno. Kiswahili hakina toni za namna hiyo, bali kina mkazo, ambao karibu kila mara hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mfano ambao kila mwalimu anao ni "barabara". Ukikaza silabi ya tatu umeitaja njia ya magari. Ukikaza ya pili umesema sawasawa, vizuri kabisa.

La nne si tatizo bali ni hazina, na linaniuma zaidi kwa sababu tunaliharibu sisi wenyewe. Kilugbara na Kikakwa zina sauti ambazo huandikwa 'b na 'd, zinazotamkwa kwa kuvuta hewa ndani kidogo. Watu kwa Kilugbara ni "'ba". Sasa, wataalamu wa fonetiki wamekwisha eleza kwamba "b" na "d" za Kiswahili cha pwani, zisipotanguliwa na nazali, hutamkwa kwa namna hiyo hiyo. Mtoto wa Koboko anayesema "baba" kwa 'b ya kwao yuko karibu na Mvita kuliko mwalimu aliyejifunza "b" kwa njia ya Kiingereza. Nimewasikia walimu wakiwasahihisha watoto hao, na aliyepaswa kusahihishwa ni mwalimu.

Kasi na kicheko

Niliwahi kuketi nyuma ya darasa moja wilayani Koboko, katika shule ambayo sitaitaja. Msichana mmoja aliitwa mbele akisome kitanza ndimi cha liwali. Alikisoma polepole, vizuri. Mwalimu akasema, "Haraka!" Akajikwaa. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka, bila ya ubaya. Msichana akarudi kuketi, na hakunyanyua mkono tena hadi mwisho wa kipindi. Nje nilimkuta, akaniamkia kwa Kiswahili cha kutiririka, maana alikuwa akimsaidia mamake sokoni. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, huyo liwali ni mutu wa wapi?"

Swali lile limebaki nami. Katika sentensi moja msichana alionyesha mambo yote mawili: kwamba neno lililomwaibisha hakulijua, na kwamba "m" ya "mtu", ambayo ndiyo ilihitaji msaada, haikuguswa kwa dakika arobaini.

Ni kicheko tu, mtu atasema. Lakini tukumbuke Kiswahili kimepita wapi katika nchi hii. Kilikuwa lugha ya jeshi la King's African Rifles, lililoandikisha vijana wengi wa West Nile. Idi Amin alijiunga nalo mwaka 1946. Serikali yake ilikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973. Baada ya kuangushwa kwake mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire, na kusini mwa Uganda Kiswahili kilibaki masikioni mwa wengi kama lugha ya bunduki na amri. Arua na Koboko zina bahati nyingine: hapa Kiswahili ni pia lugha ya soko, ya dereva wa lori na ya jirani wa ng'ambo. Watoto huja shuleni wakiwa nacho nusu. Tukiwafanya waone kwamba Kiswahili cha shule ni mahali pa kuchekwa, watakirudisha sokoni na kukiacha huko, nasi tutabaki na somo la lazima lisilo na wasemaji.

Vitanza ndimi vya hapa

Mhakiki asiyejaribu hana haki ya kulaumu. Nimetunga vichache, navitoa hapa vihakikiwe kama nilivyohakiki vya wengine.

Kwa "th" na "s": Thabiti huthamini samani, samani za Thabiti zina thamani.

Kwa "dh" na "z": Dhana bila zana ni dhana tu, zana bila dhana si zana.

Kwa "gh" na "g": Gari ghali la Ghalibu liligonga ghala ghafla.

Kwa "m" ya silabi na "m" ya kuungana: Mvuvi mmoja alivua angara kwenye mvua, mvua ikamlowesha mvuvi.

Kwa "ng'" na "ng": Ng'ombe hangoji ngoma, ngoma hungoja ngozi ya ng'ombe.

Kwa mkazo: Barabara ya Koboko imetengenezwa barabara.

Cha pili nakipenda, kwa kuwa kinasimama hata bila mchezo. Mtu anaweza kukitumia kama methali. Cha nne kina angara, samaki ambaye kila mtoto wa West Nile anamjua mezani, na ndani yake mvua na mvuvi hukutana uso kwa uso. Cha sita kina ukweli unaoonekana: barabara ya lami ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yapata kilomita 92, wanafunzi wanaijua kwa miguu yao. Cha tano kwa mwenye Kikakwa ni chepesi, kwa kuwa "ng'" anayo tayari. Kwake kitumike kumpa moyo, aanze na ushindi.

Cha tatu ni kibovu, na nimekiacha makusudi. Sauti zake zinavutia, lakini kimechanganya magonjwa mawili: "gh" na "g", pamoja na "l" na "r". Mwanafunzi akijikwaa, mwalimu hajui amejikwaa kwenye kipi. Afadhali kilicho chepesi zaidi: Gogo halina gharama, gari lina gharama. Kitanza ndimi cha kufundishia kibebe tofauti moja tu. Cha kuchezea kibebe zote.

Namna ya kukitumia nayo ina utaratibu wake. Kwanza mwalimu afunike mdomo kwa karatasi na kutamka jozi, "thamani, samani", wanafunzi waonyeshe kwa mkono wamesikia ipi. Sikio litangulie ulimi. Pili, maana ielezwe, neno kwa neno. Tatu, darasa lote liseme pamoja, polepole, ili asitengwe mtu. Nne, wawili wawili, kila mmoja amsikilize mwenzake. Kasi ije mwisho, na anayetaka ndiye ajaribu. Wakicheka hapo, watakuwa wanacheka kama watoto wa barazani, kwa sababu wote wanajua kilichoteleza.

Hatua ya tano ndiyo iliyo bora: wanafunzi watunge vyao. Mtoto anayetafuta maneno kumi yenye "dh" amekwisha isikia "dh" mara kumi. Na akitia ndani yake jina la kijiji chake au la samaki wa mto wake, kitanza ndimi kimepata mwenyewe.

Hitimisho

Sisemi tuufute wali wa liwali. Ni mali yetu sote, na mwanafunzi wa West Nile ana haki ya kuujua kama sehemu ya fasihi simulizi ya lugha anayojifunza, akielezwa liwali alikuwa nani. Nasema tusiuite zoezi la matamshi mahali ambapo hautibu kitu. Kabla ya kuandika kitanza ndimi ubaoni, mwalimu ajiulize maswali mawili: sauti hii inabadilisha maana? Na ni nani humu ndani asiyekuwa nayo? Akikosa jibu la swali la pili, aweke chaki chini, awaache wanafunzi wazungumze kwa dakika tano, naye asikilize.

Wenzetu mnaofundisha Nebbi, Moyo, Adjumani na Yumbe mna masikio yenu na madarasa yenu. Leteni vitanza ndimi vyenu, pamoja na jozi za maneno zinazowasumbua wanafunzi wenu, vihakikiwe katika kurasa hizi.